Vayoleti ya Usambara inapogoma: dalili, sababu na tiba

Wanaotunza vayoleti, lile ua dogo la chunguni, dirishani, awe mtu wa Tanga au wa Nairobi, wana malalamiko yanayofanana: majani yamelegea kama mchicha uliopikwa, maua hayaji, mabaka meupe yametokea ghafla, majani ya katikati yamejikunja. Na ushauri wanaopeana nao unafanana: iongezee maji, itoe juani. Mara nyingi ushauri huo ndio unaoimaliza.

Kabla ya kugusa chochote, fikiria kwao ni wapi. Porini mmea huu unapatikana Tanzania na Kenya: Usambara, Nguru, Uluguru, msitu wa Mbololo kule Taita, na mabonde ya mawe ya Kilifi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani pale Tanga, aliutuma Ujerumani kwa baba yake, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wa mimea wanauweka kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo usishangae ukikuta majina mawili. Hizi tunazonunua mjini ni machotara yaliyozalishwa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, lakini tabia ya mizizi haijabadilika. Kule msituni mmea unashika kwenye nyufa za mwamba, chini ya kivuli, aghalabu kando ya kijito, na mizizi yake mifupi imeng'ang'ania kiganja kimoja cha majani yaliyooza. Hewa ina unyevu kila wakati, ila maji hayatuami: yanapita tu. Chungu chako kikiwa na kivuli chenye mwanga, hewa yenye unyevu na mizizi inayopumua, mengi ya hapa chini hayatakukuta.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote ile: chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya kwanza. Nyanyua chungu uone uzito wake. Tazama kama tundu la chini limeziba au kama maji yamesimama kwenye sahani. Geuza jani moja utazame mgongoni, kisha angalia kiini, yale majani madogo ya katikati. Kama una mimea mingine, mgonjwa mtenge leo hii, hata kabla hujajua anaumwa nini.

Majani yamelegea

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kidole ndicho kinachoamua.

Udongo ukiwa umelowa na majani yamelegea, mizizi imeoza. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo mmea unaonekana una kiu ilhali umesimama kwenye maji. Mwenye nyumba anaona kiu, anaongeza maji, na mchezo unaishia hapo. Acha kumwagilia. Utoe mmea kwenye chungu na uichunguze mizizi: iliyo hai ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ina ugumu ukiigusa, iliyokufa ni ya kahawia, na ukiivuta ganda lake linachomoka na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, punguza majani ya nje yanayogusa chini, kisha upande upya kwenye udongo mwepesi ndani ya chungu kidogo kuliko cha awali. Ufunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, usiufunge kabisa, na uweke mahali penye mwanga lakini pasipofika jua. Usitie mbolea mpaka uone majani mapya.

Chanzo kikubwa cha kuoza ni udongo wenyewe. Udongo mweusi wa bustani, au ule mwekundu wa shambani, unashikana ukishamwagiliwa mara kadhaa na mizizi inakosa hewa. Mchanganyiko unaofanya kazi ni vumbi la makumbi ya nazi sehemu mbili, perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au pumisi (jiwe jepesi la volkano) iliyopondwa sehemu moja, na mboji iliyoiva vizuri sehemu moja. Vumbi la makumbi lioshe kwa maji mengi kwanza, hasa lile la pwani, kwa sababu huja na chumvi. Ukikosa perlaiti, mkaa uliopondwa na kuchekechwa ili vumbi litoke unasaidia. Mchanga wa ufukweni usiutie kabisa.

Udongo ukiwa mkavu na chungu chepesi, hiyo ni kiu ya kweli. Usimwage maji juu, maana vumbi la makumbi likikauka sana linayakataa na yanapita pembeni. Kalisha chungu kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kikisha kunywa kitoe, kiache kichuruzike. Majani yatasimama kesho yake.

Sababu ya tatu ni joto. Vayoleti hupenda nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi. Dar es Salaam au Mombasa kati ya Januari na Machi hewa hupita 30, na majani yanaweza kulala adhuhuri na kuinuka jioni. Hapo hakuna ugonjwa. Usiongeze maji, sogeza mmea mbali na ukuta uliopigwa na jua na uruhusu hewa ipite.

Ya mwisho, isiyo ya kawaida lakini mbaya: shingo imeoza. Shika majani ya katikati kwa upole na uyatikise. Mmea ukicheza kama jino bovu, au kiini kikiwa cheusi na chenye utelezi, acha kuhangaika na mizizi, maana hakuna kinachorudi hapo. Kilichobaki ni kuokoa jani.

Chagua jani la safu ya pili au ya tatu kutoka nje, lisilo na doa. Acha kikonyo cha sentimita 3 hivi, ukikate kwa mshazari kwa wembe safi, ukichomeke kwenye vumbi la makumbi lenye unyevu kidogo, kisha funika. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, na miche midogo huchungulia kwenye kitako cha kikonyo baada ya miezi miwili hivi, wakati mwingine zaidi. Watu wengi hulitupa jani kwenye wiki ya sita wakidhani limegoma. Maadamu ni la kijani na gumu, liache.

Majani mazuri, maua hakuna

Mwanga, karibu kila mara. Tunasema "haipendi jua" halafu tunaiweka juu ya kabati la televisheni. Haipendi jua kali, lakini bila mwanga wa kutosha haichanui. Saa nne asubuhi weka kiganja juu ya mmea: kivuli chenye kingo laini kinachoonekana vizuri ni sawa, pasipo kivuli, ni giza, kivuli chenye kingo kali ni jua tupu. Majani nayo yanasema. Vikonyo virefu vinavyonyooka kwenda juu vinatafuta mwanga. Majani yaliyopauka na kuukumbatia ukingo wa chungu yameuchoka.

Dirisha la mashariki ndilo salama zaidi. Kwa dirisha la kaskazini au kusini, kumbuka kwamba sisi tuko karibu na ikweta na jua linahama. Nairobi na Dar es Salaam, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kati ya Aprili na Septemba, kisha Novemba hadi Januari liko kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli kizuri mwezi wa Julai linaweza kuchoma majani Desemba. Vitabu vya nje vinavyosema "weka dirisha la kaskazini" viliandikwa kwa watu wa Ulaya, visikupotoshe. Dirisha la magharibi liwekee pazia jepesi.

Ya pili ni chungu kikubwa. Mtu anaupenda mmea wake, anaununulia chungu cha heshima, na mmea unatumia miezi kujaza mizizi badala ya kutoa maua, kama haujaoza kwanza. Kipenyo cha chungu kiwe kama theluthi ya upana wa mmea. Mmea wenye upana wa sentimita 30 unatosheka na chungu cha sentimita 10.

Ya tatu ni mbolea isiyofaa. Urea, CAN na samadi ya kuku, zenye nitrojeni nyingi, huleta majani manene ya kijani kibichi na hakuna ua. Tumia mbolea ya kuyeyusha yenye virutubisho vyote vitatu (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa uwiano sawa, kwa mfano 19-19-19, kwa robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili, na udongo uwe na unyevu tayari.

Halafu tazama maotea. Mmea uliotoa vichwa viwili au vitatu pembeni mwa shina unagawana nguvu. Yang'oe yakiwa madogo kwa ncha ya penseli. Yakiwa makubwa yanaweza kupandwa peke yake.

Kwa wa Lushoto, Njombe, Limuru na kwingineko kwenye ubaridi: usiku wa Juni na Julai dirisha lina baridi kuliko unavyodhani. Chini ya nyuzi 15 mmea unasimama kukua. Usogeze ndani usiku, subiri Septemba.

Mabaka, pete na michirizi kwenye majani

Pete za rangi ya manjano au nyeupe, zenye umbo la tone au mstari wa maji, husababishwa na maji baridi. Jani la vayoleti likiguswa na maji yaliyo baridi sana kuliko lenyewe, chembe za kijani zilizo chini ya ngozi yake zinakufa, na baka halifutiki. Maji ya bomba ya alfajiri yanatosha kufanya hivyo. Yaweke ndani tangu usiku, au changanya na ya moto hadi yawe vuguvugu mkononi, na mwagilia kwa chini. Majani yaliyokwisha kupata mabaka hayaponi, wala hayahitaji dawa. Nasema hivi kwa sababu watu hununua dawa za ukungu kwa ajili ya mabaka haya, na hakuna ukungu wowote pale.

Mabaka ya kahawia, makavu, upande unaotazama dirisha tu: jua limeunguza. Ukisogeza mmea kidogo inatosha.

Mabaka ya kahawia yenye majimaji yanayopanuka, pengine na manyoya ya kijivu juu yake, ni ukungu wa kijivu. Huja wakati wa masika, hewa ikiwa nzito na maua makavu yameachwa juu ya majani. Ondoa kila sehemu iliyoguswa, achanisha vyungu, usiloweshe majani. Ukungu ukirudi tena baada ya hapo, mtupe mgonjwa kabla hajaambukiza wengine.

Ukoko mweupe kwenye ukingo, vikonyo vinaoza vinapogusa chungu

Hiyo ni chumvi. Visima vingi vya Dar es Salaam na pwani kwa jumla vina maji ya chumvi, na mbolea inaongeza juu yake. Kila maji yanapopaa, chumvi inabaki, hasa kwenye vyungu vya udongo. Majani ya chini yanayolalia ukingo huo yanaungua kikonyo na kuanguka, mtu akidhani ni ugonjwa.

Futa ukoko kwa kitambaa chenye maji moto. Kisha pitisha maji safi ya uvuguvugu kwenye udongo, kiasi cha mara tatu au nne ya ujazo wa chungu, yote yatoke chini. Rudia kila mwezi. Maji ya mvua ndiyo bora. Weka ndoo wakati wa vuli na masika, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati. Tatizo likirudi, badilisha udongo wote. Kwa vyovyote vayoleti inafurahia udongo mpya mara moja au mbili kwa mwaka.

Majani ya katikati yamebana, magumu, yamejikunja

Hapa nenda taratibu, kwa kuwa sababu mbili ni nyepesi na ya tatu ni hatari.

Nyepesi ya kwanza ni mbolea kuzidi: kiini kinabana na majani machanga yanapata vichembe vya rangi ya kutu. Suuza udongo kama nilivyoeleza na uache mbolea kwa mwezi. Ya pili ni mwanga kupita kiasi, hasa kwa wanaotumia taa karibu sana na mmea. Inua taa, punguza saa. Baada ya wiki tatu au nne majani mapya yanapaswa kufunguka kawaida.

Yasipofunguka, na hasa kama kiini kimekuwa cha kijivu, kina manyoya mengi kuliko kawaida, majani yake ni madogo na yanavunjika kwa urahisi, huku matumba yakijipinda na kukwama, huo ni utitiri. Aina hii haionekani kwa jicho tupu, inaishi ndani kabisa ya kiini, na inahamia mmea mwingine kwa kupitia vidole vyako. Simama hapo. Sabuni ya vyombo haiufikii. Mwarobaini hautoshi kwa kazi hii. Funga mmea kwenye mfuko na uutupe, nawa mikono, futa meza kwa spiriti, na chunguza majirani zake kwa miezi miwili. Wakulima wa maua hutumia viuatilifu vyenye abamektini, lakini hiyo si dawa ya kupuliza sebuleni watoto wakicheza. Kama ni mmea usiotaka kuupoteza, mpelekee afisa ugani au mtaalamu wa afya ya mimea.

Pamba, unga, chavua iliyomwagika

Vidonge vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Viguse kimoja kimoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, rudia kila baada ya siku tano kwa mwezi mzima, maana mayai hayafi mara moja. Vikishaondoka juu lakini mmea bado umedumaa, utoe kwenye chungu uangalie mizizi. Wapo wanaoishi huko chini, na dalili yao ni vumbi jeupe ndani ya ukuta wa chungu. Ukiwakuta hao, okoa jani safi lililo juu, udongo wote utupe mbali.

Unga mweupe uliotandazwa kwenye majani na petali, unaofutika kwa kidole, ni ubwiri unga. Unapenda mchana wa joto na usiku wa baridi pasipo upepo, kwa hiyo watu wa nyanda za juu wanaujua zaidi. Fungua dirisha, ondoa maua yote yaliyoguswa, acha nafasi kati ya vyungu. Feni ndogo isiyoelekezwa kwenye mmea hufanya kazi kuliko nusu ya dawa zinazouzwa.

Thiripi, wadudu wadogo sana wanaokula chavua, wao huacha alama ya kipekee: vumbi la njano la chavua limemwagika kwenye petali, ua likiwa bado bichi. Pulizia pumzi yako ya joto ndani ya ua, weka karatasi nyeupe chini, na uone vijiti vyembamba vya kahawia vikikimbia. Kata maua na matumba yote, hata yanayokaribia kuchanua, na uendelee kuyakata kwa wiki sita hadi nane. Inauma, lakini bila chavua wanapungua sana. Usilete shada la maua kutoka sokoni kwenye chumba hichohicho.

Matumba yanakauka au yanadondoka

Hewa kavu ya kiyoyozi, kwanza. Weka chungu juu ya trei yenye changarawe na maji, kitako kisiguse maji. Pili, mmea umehamishwa juzi tu, upe muda. Tatu, na hili halifikiriwi: mkungu wa ndizi unaoivia jikoni. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na moshi wa mkaa unayo pia. Ua la vayoleti ni jepesi kudhurika na gesi hiyo. Hamisha mojawapo, chungu au ndizi.

Mtoto hafanani na mama

Umepanda jani la mmea wenye maua ya mistari, miche imechanua rangi moja. Hujakosea. Aina nyingi zenye mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni hubeba tishu za aina mbili, na jani haliwezi kuzirithisha zote. Aina hizo huzalishwa kwa maotea.

Wakati wa kuacha na kumwita mwenye ujuzi

Mwite mtaalamu mimea kadhaa ikianza kudumaa kwa pamoja na sababu haionekani; ukikuta mafundo kwenye mizizi, dalili ya minyoo fundo iliyokuja na udongo wa shambani; au kama unazalisha kwa kuuza. Tanzania kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kenya kuna KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Na kila wilaya au kaunti ina maafisa ugani. Peleka mmea mzima na udongo wake, kwenye mfuko usiopitisha maji. Usiuoshe, wala usiupulizie chochote wiki hiyo, la sivyo watachunguza dawa yako badala ya ugonjwa.

Kiuatilifu usichokisomea lebo usikifungue. Usinunue kilichopimwa kwenye chupa ya soda, usikipulizie ndani ya nyumba. Mtu akikimeza au akikivuta hewani, kimbilia hospitali pamoja na kifungashio chake.

Na usiende kujaza pengo la mmea uliokufa kwa kung'oa wa porini, katika msitu wa Amani kule Usambara au wa Mbololo. Aina nyingi za mwitu ziko hatarini, na kuchukua mimea kwenye msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa. Jani moja kutoka kwa jirani litakupa mimea zaidi ya dirisha lako linavyoweza kubeba.